Mjomba, Ninja na Mkono wa Kushoto

Siku ya kwanza mjomba wangu alipomwona yule ninja kwenye runinga, alikataa kumsaidia.

"Kwa nini kajifunika uso?" aliniuliza.

"Ndivyo wanavyovaa, Mjomba."

"Na panga mgongoni la nini? Anapita juu ya mapaa ya watu, mchana kweupe, kajifunika uso, ana panga. Huyu ni mwizi. Hawa wengine wako kwao, yeye ndiye kaingia."

Akaiweka padi ya kuchezea juu ya kochi. Ninja akabaki kasimama katikati ya barabara kama mtu aliyesahau alichotumwa. Mbwa akaja akamng'ata, akatokea jamaa mwenye fimbo akamtandika, roho ya kwanza ikatoka. Ya pili nayo ikatoka vilevile. Mjomba akatikisa kichwa, karidhika kabisa.

"Wamemshika," akasema, akaomba chai.

Mimi nilikuwa kwenye cherehani, nimezungukwa na sare za kwaya ambazo zilitakiwa zamani. Asubuhi nzima nilikuwa nimehangaika na nyaya za ule mchezo wa runinga, nimepiga magoti nyuma ya runinga, nimevuta vumbi mpaka nikapiga chafya mfululizo. Halafu mzee ananiambia wamemshika! Nilitaka kumjibu vibaya. Nikameza, kwa sababu ni mjomba, na kwa sababu alikuwa mgonjwa.

Kiharusi kilimpiga akiwa kwake Kinole, mlimani, anachuma pilipili manga. Upande wa kushoto wote ulilala. Wakamshusha mjini, akalazwa, na alipotoka hospitali akaja kwangu Bigwa. Hakuna aliyeuliza aende wapi. Sisi Waluguru ukoo unafuata mama. Mjomba akiugua, watoto wake wa kumzaa watapiga simu kutoka Dar es Salaam na kutuma pole, ila wa kumwogesha na kumsemea mbele za watu ni watoto wa dada yake. Mama yangu alishatangulia, nami ndiye mkubwa kwake. Basi, mzigo ukawa wangu, na wala sikuuona mzigo.

Mguu ulirudi mapema. Baada ya muda si mrefu alikuwa anatembea uani na fimbo, anawakagua kuku wangu na kuwaona hawana maana. Mkono ndio uligoma. Ulikuwa unaning'inia tu, vidole vimejikunja, na akiutazama anautazama kwa chuki, kama kitu alichobebeshwa na mtu asiyempenda.

Kliniki tulikuwa tunaonana na binti mmoja wa mazoezi ya viungo. Mdogo, mpole, anamwamkia mjomba shikamoo kabla hajashika hata karatasi. Ila msimamo wake ulikuwa mkali. Alisema mzee anaishi peke yake, na kule ni mlima, akianguka nani atamwona? Mkono ukiweza kufunga vifungo vya shati na kumimina maji ya moto bila kuyamwaga, atamruhusu arudi kwake. Kabla ya hapo abaki chini. Mjomba ni mtu wa kanisa, amri ya hospitali kwake haina tofauti na amri ya padri. Akaniuliza jambo moja tu tulipotoka nje: karafuu zikikaribia kuchumwa, atakuwa amepona? Nikamwambia atapona. Hilo ndilo lililokuwa linamkosesha raha. Ana mikarafuu yake kule, aliipanda mwenyewe, na hajawahi kuwa mbali nayo wakati wa kuchuma.

Basi tungetegemea angefanya mazoezi kwa bidii. Thubutu! Binti alimpa mpira laini wa kuminya, akaurusha chini ya kitanda. Alituambia tuchanganye mchele na maharage, mzee awe anayaokota maharage kwa vidole vya kushoto. Mjomba aliliangalia sinia, akaniangalia mimi. "Nimelima toka sijaota ndevu," akasema, "leo unanikalisha nidonoe kama kuku?" Nikalirudisha sinia jikoni, tukala wali maharage.

Ule mchezo ulikuwa wa binti yangu, ambaye siku hizo alikuwa ameshaondoka kwenda chuo. Tulimnunulia zamani mjini, kwa mzee mmoja wa Kihindi anayeuza redio na pasi. Juu ya boksi waliandika michezo mia tisa tisini na tisa. Mtoto akahesabu, akakuta ni saba, iliyobaki ni hiyohiyo imebadilishwa rangi. Nilirudi dukani nimevimba. Mzee wa watu akaniambia kwa upole, "Mama, hata hiyo saba hamtaimaliza." Na kweli hatukuimaliza. Wa ninja ndio ulikuwa mgumu kuliko yote, maana anakimbia kuelekea kulia tu, anapanda kuta, anaruka mashimo, na kila hatua kuna mtu anayetaka kumuua.

Nikaukumbuka siku moja nikiwa natia uzi kwenye sindano. Kwenye ule mchezo mkono wa kulia ni wa kuruka na kupiga panga. Kumwongoza ninja, mbele au nyuma, ni dole gumba la kushoto. Huwezi kudanganya, huwezi kusema nitatumia huu mwingine, maana huu mwingine una kazi yake. Nikaona hapo hapo, mzee nimempata.

Ila ndiyo hivyo, akasema ni mwizi.

Mimi nina mdomo, na uongo haunipi shida ukiwa na kazi ya kufanya. Kesho yake nikaketi karibu naye. "Mjomba, jana sikukusomea yale maandishi ya mwanzo. Huyu si mwizi. Watu wamevamia shamba la ukoo wao, wakamfukuza. Sasa anarudi kwao, mlimani. Kajifunika uso wasimtambue njiani."

Akafikiri. "Shamba la upande wa mama au wa baba?"

"La mama."

"Aa. Basi hiyo ni haki yake," akasema, akanyoosha mkono wa kulia kuipokea padi. Nikamwekea kidole cha kushoto mahali pake, nikamfungia lastiki niliyoishona maalumu ili mkono usiteleze.

Siku za kwanza ninja alikuwa anasimama tu anachinjwa. Dole gumba linatetemeka, linakandamiza, hakuna kinachotokea. Jasho linamtoka mzee. Siku alipofanikiwa kumsogeza hatua tatu, alishangilia kwa Kiluguru na jirani akachungulia juu ya ukuta kuuliza kuna nini. Nikamwambia ninja katembea. Sijui alielewa nini, alienda zake.

Sasa shida ikawa nyingine. Mjomba alicheza kama mkulima. Shamba la mlimani unalipalilia kipande kwa kipande, na ukimaliza kipande unageuka nyuma kukikagua kabla ya kupanda juu. Ndivyo alivyofanya. Anaua mbwa, anaua mtu wa fimbo, halafu anageuka, anarudi nyuma kuhakikisha pako safi. Na ule mchezo una ubaya mmoja: ukirudi nyuma, wote uliowaua wamesimama tena palepale, wazima, wanakusubiri.

"Nimeshapasafisha hapa!" alifoka.

"Usirudi nyuma, Mjomba. Ukirudi wanaota upya."

"Wanaotaje wakati nimewang'oa na mizizi?"

"Nenda mbele tu. Achana nao."

"Mtu gani anaacha kazi nusu?"

Tuligombana hivyo wiki nzima. Mimi napiga kelele kwenye cherehani, "Songa mbele! Ruka!" naye anajibu haruki, mtu mzima haruki, atatafuta njia ya kupita. Njia ya kupita haikuwepo. Ninja akaingia shimoni mara zisizo na idadi. Na umeme ukikatika tunaanza mwanzo, kwa sababu kale kamashine hakana kumbukumbu. Hilo halikumuudhi. Alisema hata jembe halikumbuki ulipoishia jana.

Kilichomgeuza ni kipanga. Kuna sehemu ya majabali ambapo kipanga anakuja kwa kasi, anamgonga ninja kifuani, anamtupa bondeni. Mjomba amefuga kuku maisha yake yote, na vipanga wa Kinole wamemlia vifaranga wasiohesabika. Haki ya Mungu sijawahi kumwona mtu akichukia kitu kwenye runinga namna ile. Akaacha kupalilia. Akawa anakimbia moja kwa moja mpaka ukingoni, anasimama, anarudi nusu hatua, anamvizia, paa! Dole gumba la kushoto linakwenda mbele, nyuma, mbele, bila yeye kujua kwamba linakwenda. Ilipofika wiki ya tano au ya sita akaniambia niitoe lastiki, inambana.

Hapa sasa nieleze habari ya vifungo, na sitajipamba.

Kila asubuhi nilikuwa namvalisha shati. Anakaa ukingoni mwa kitanda, mimi nainama mbele yake, naanza juu kushuka chini. Na katika kufunga vile vifungo alikuwa ananisimulia habari za mama yangu. Alivyokuwa msichana mbishi, alivyokataa kuolewa na mtu wa kwanza kwa sababu alikuwa anatafuna kwa kelele, alivyobeba ndizi kutoka Kinole mpaka mjini kwa miguu akiimba njia nzima. Mama alifariki nikiwa bado mdogo wa akili, nilikuwa sijui kuuliza. Hakuna mtu mwingine aliyebaki wa kunieleza. Mchana mjomba hazungumzi hayo, mchana ni ninja na kipanga. Ni pale tu kwenye vifungo. Nami nyumba yangu ilikuwa imenyamaza tangu mtoto aende chuo. Nilikuwa nawaambia watu napenda utulivu. Uongo mtupu, nilikuwa naongea na cherehani.

Siku moja nilikuwa natoka jikoni nikamwona kwa nyuma. Alikuwa amesimamisha mchezo. Chupa ya chai ameishika kwa mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto anafungua kifuniko, anazungusha taratibu, kimefunguka. Akahamisha chupa kushoto, akamimina. Hakumwaga hata tone. Akanywa, akaendelea na ninja wake.

Nilirudi jikoni kinyumenyume. Nikakohoa kwanza, ndipo nikaingia.  Kesho yake asubuhi nikamfunga vifungo kama kawaida, naye akanyoosha kidevu kama kawaida, akanisimulia jinsi mama alivyomwangukia mkwewe kisimani.

Ikafika siku ya kliniki. Binti akamwamkia, akampima, akasema anaona nguvu inarudi. Halafu akaniuliza mimi, "Nyumbani vifungo anafunga mwenyewe?"

"Bado, dada," nikasema. "Namfunga mimi."

Ilinitoka kirahisi, kama mtu anayetaja jina lake. Binti akamgeukia. "Babu, hebu jaribu kidogo nione."

Mjomba akashika kifungo kwa vidole vya kushoto. Akalikosa tundu. Akajaribu tena, akalikosa. Mkono ukaanguka pajani. "Bado, mjukuu wangu," akasema.

Binti akaandika. Turudi baada ya mwezi. Nilishangaa, maana niliyoyaona kwenye chupa ya chai niliyaona. Lakini nikajiambia labda anaogopa macho ya watu, labda mkono umechoka leo. Nikajiambia basi sikusema uongo. Nilitembea kutoka pale nikiwa na furaha, ndiyo, furaha, na sitaki kuiita jina jingine.

Siku zile zile ikaja simu kutoka Kinole. Jirani yake, mama mmoja wanayepakana naye mashamba. Mjomba huweka simu sauti ya juu, kwa hiyo nilisikia yote. Karafuu zimeshapata wekundu, watu wameanza kuchuma, zamu ya kwake iwe lini? Kule wanachuma kwa kusaidiana, leo kwako kesho kwangu, na mwenye miti anakaa chini anachambua na kuanika. Asipokuwepo hakuna anayegusa miti yake. Hata ukipanda kwa nia njema, utaitwa mwizi.

"Hospitali haijaniruhusu," mjomba akasema. "Mkono bado."

"Zitafunguka, Baba. Zikishachanua hazina kazi."

"Najua. Mkono bado."

Nilikuwa napinda gauni. Nikaendelea kupinda.

Baada ya pale alicheza kila siku, kuanzia chai mpaka chakula cha mchana. Hakupiga kelele tena. Na Jumamosi moja, saa tano hivi, akafika pale ambapo mimi, binti yangu na watoto wote wa mtaani hatujawahi kufika: juu kabisa, kwenye mlima, na bosi mkubwa, adui wa mwisho, anatema moto huku na huku. Niliacha cherehani nikasimama nyuma ya kochi. Dole gumba la kushoto lilikuwa linacheza kulia, kushoto, kulia, jepesi, yeye haliangalii. Akampiga. Akampiga tena. Bosi akalipuka vipande. Kukatokea jua linachomoza na maandishi ya Kiingereza.

"Wanasemaje?" akaniuliza.

"Wanasema kafika kwao."

"Kawahi mavuno, au yamepita?"

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza tu, macho kwenye runinga. Mimi nikaanza kulia palepale nimesimama, na sindano mdomoni, mpaka nikaogopa nisije nikaimeza.

"Mjomba, mkono wako umepona."

"Umepona siku nyingi."

"Sasa kule kliniki ulishindwaje kifungo?"

Akaizima mashine. "Wewe ulikuwa umeshasema bado. Yule binti ni mtu baki. Nikufanye mwongo mbele ya mtu baki? Mtoto wa dada yangu?"

"Na karafuu?"

Akaukunja waya wa padi. Akasema alijua nina sababu, akawa anasubiri nimwambie. Nikamwambia yote, habari za mama, habari za nyumba kunyamaza, nikasema nina roho mbaya na wala asinibishie. Hakunibishia. Alisema, "Ungeniuliza tu. Hata mchana ningekueleza."

Kliniki tulikwenda Jumatatu bila kusubiri tarehe. Akafunga vifungo vyote, akavifungua, akavifunga tena. Binti akapiga makofi. Kesho yake tukapanda Kinole.

Nilitaka kuiona mikarafuu kabla ya kitu chochote, na niliiona. Ilikuwa imechanua yote. Vile vichwa vyekundu vilivyotakiwa kuchumwa vilishafunguka, na chini kulijaa nyuzinyuzi zake, unazikanyaga. Mashamba ya jirani miti ilikuwa imeshasafishwa na karafuu ziko juu ya mikeka, harufu yake imejaa njia nzima. Mjomba alitembea kati ya miti yake na fimbo, akaigusa mmoja mmoja kwa mkono wa kushoto.

Watu wakaja kumpa pole. Yule mama jirani akasema, "Tulikusubiri, Baba. Tukasema labda wiki hii, labda wiki hii."

"Mkono uligoma kabisa," mjomba akasema. "Bila huyu mpwa wangu nisingekuwa hapa. Yeye ndiye kanivalisha, kanilisha, hajachoka hata siku moja."

Nilifungua mdomo. Mjomba akanitazama, akatikisa kichwa kidogo sana, nikaufunga.

Yule mama akaingia kwake, akatoka na tetea mkubwa mweupe, miguu kaifunga kwa kamba ya mgomba. Wenzake wakanirundikia mananasi na mkungu wa ndizi. Akaja mbele yangu, watu wote wakiangalia.

"Umetutunzia mzee wetu," akasema. "Mungu akuzidishie."

Nikapiga goti kidogo, nikampokea kuku kwa mikono miwili, nikasema amina.